KUJAZA MAJI SI KUBADILISHA MAJI
Somo la tangi la samaki kwa wakazi wa Nakuru

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Mwaka huu nimeona niandike somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kozi, lakini limechota kutoka Bayolojia, Kemia, Fizikia, Hesabu na hata Jiografia. Somo lenyewe ni maji ya tangi la samaki: jinsi ya kuyajaza na jinsi ya kuyabadilisha.

Huenda mwenzangu ukaguna, "Samaki wa kutazama ni mambo ya matajiri!" La hasha. Siku hizi matangi yamo katika vinyozi, kliniki, hoteli ndogo ndogo na sebule za watu wa kawaida hapa mjini. Hata maabara yetu ya Bayolojia ina tangi moja. Na kama mjuavyo, samaki wa tangi hilo wamekuwa wakifa muhula baada ya muhula, hadi baadhi yetu wakapendekeza liondolewe, likafanywe kabati la chupa. Nasema tusikate mti kwa sababu ya tawi moja bovu. Kwanza tujue samaki wanakufa kwa nini.

Kila ukiuliza, jibu ni lile lile: "Lakini sisi huongeza maji kila siku!" Hapo ndipo penye kosa. Kuongeza maji ni jambo moja na kubadilisha maji ni jingine. Nikifaulu kukuonyesha tofauti hiyo, wino wangu hautakuwa umepotea bure.

1. MAZIWA MAWILI YANATUFUNDISHA

Tuanze na Jiografia. Sisi wa Bonde la Ufa tumezungukwa na maziwa, na mawili kati yake ni walimu wazuri sana: Ziwa Nakuru na Ziwa Naivasha. Yote mawili hupokea maji ya mito. Nakuru hupata maji ya Njoro, Makalia na Nderit. Naivasha hupata maji ya Malewa na Gilgil. Tena yote mawili hayana mto unaotoka juu ya ardhi. Sasa basi, mbona maji ya Naivasha ni matamu na ya Nakuru ni ya magadi?

Jibu liko chini ya ardhi. Maji ya Naivasha huvuja polepole kupitia miamba na kwenda zake, na yanapoondoka hubeba sehemu ya chumvi. Mito huleta maji mengine mapya. Ziwa Baringo nalo lina tabia hiyo hiyo ya kuvuja, ndiyo maana halikuwa la magadi. Lakini Ziwa Nakuru liko mahali pa chini, na njia kubwa ya maji kuondoka ni jua. Jua huchukua maji matupu. Chumvi haipandi angani, hubaki pale pale. Mito huleta maji yenye chumvi kidogo, jua likachukua maji, chumvi ikabaki. Kesho mito ikaleta tena. Ukifanya hivyo kwa maelfu ya miaka unapata ziwa la magadi ambalo pH yake imekuwa karibu 10.

Kwa lugha ya tangi, Naivasha na Baringo hubadilishiwa maji, ilhali Ziwa Nakuru huongezewa tu. Yule anayemwaga jagi la maji kwenye tangi kila asubuhi ili kufidia yaliyokauka anatengeneza Ziwa Nakuru dogo sebuleni mwake, bila kujua.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme tangi lina lita 40, na kila wiki lita 2 hukauka nawe ukaongeza lita 2 za bomba. Baada ya wiki 20 utakuwa umeongeza lita 40. Kina cha maji ni kile kile, kioo kinang'aa, lakini chumvi zilizomo sasa ni mara mbili ya zile za siku ya kwanza. Macho hayaoni kitu, ila samaki anaona cha mtema kuni.

2. UCHAFU USIOONEKANA

Chumvi peke yake si adui mkubwa. Adui mkubwa ni amonia. Samaki hula, na hutoa taka ya naitrojeni kupitia matamvua yake kwa umbo la amonia. Chakula kilichobaki na kinyesi navyo vikioza hutoa amonia. Mtoni amonia hiyo husombwa na maji. Tangini haina pa kwenda, kwa hiyo samaki anaishi ndani ya choo chake mwenyewe. Samahani kwa neno hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Mungu si Athumani, kuna vijidudu wanaosaidia. Sisi wa kidato cha tatu tumewasoma katika mada ya ekolojia, kwenye mzunguko wa naitrojeni. Bakteria wa kwanza, kama vile Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi. Vitabu vyetu humtaja Nitrobacter kwa kazi hii ya pili. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa hasa na jamaa mwingine aitwaye Nitrospira. Bakteria hawa hukaa kwenye changarawe, kwenye kioo na hasa kwenye sifongo la chujio.

Je, nitrati nayo huenda wapi? Haikauki na maji, wala chujio la kawaida haliiondoi. Mimea ya majini huchukua kiasi fulani. Inayobaki hujikusanya wiki baada ya wiki, na njia ya kuitoa ni kuchota maji yenyewe na kuyamwaga nje. Hii ndiyo sababu ya kubadilisha maji, hata kama yanaonekana meupe pe pe pe.

3. KWA NINI NAKURU TUWE WAANGALIFU ZAIDI

Mtu anaweza kusoma maagizo nyuma ya pakiti ya chakula cha samaki, yaliyoandikwa ng'ambo, akayafuata yote na bado akazika samaki. Kila mji una maji yake. Haya ya kwetu yana mambo manne.

(a) Maji yetu ni ya alkali. Mji wetu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, hupata maji mengi kutoka visima virefu kama vile vya Baharini, Kabatini na Olobanita, na mengine kutoka mito ya Mereroni na Turasha. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano na mara nyingi pH yake huzidi 7. Kwa binadamu haina shida, lakini amonia ni kinyonga. Katika maji ya pH 7 na joto la nyuzi 20, chini ya sehemu 1 kwa 100 ya amonia yote ndiyo yenye umbo la sumu kali. Kwa pH 8 ni karibu 4 kwa 100. Kwa pH 9 ni karibu 28 kwa 100! Uchafu ule ule, samaki wale wale, lakini sumu imeongezeka mara nyingi.

Hapa nitawapa kisa cha ajabu. Katika Ziwa Magadi kuna ngege mdogo, jina lake la kisayansi ni Alcolapia grahami, anayeishi katika maji ya pH karibu 10. Samaki wa kawaida hawezi kutoa amonia yake katika maji kama hayo. Huyu hutoa taka yake kwa umbo la urea, kama mimi na wewe! Ndiye aliyeletwa katika Ziwa Nakuru kuanzia miaka ya 1950 ili ale viluwiluwi vya mbu, naye akastawi, na ndege wa mwari wakamfuata kwa wingi. Samaki wa dhahabu wa sebuleni hana kipawa hicho. Yeye anategemea mkono wako.

(b) Maji ya bomba yana klorini. Hii hutiwa ili kuua vijidudu vya magonjwa, na ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba maji yafikapo bombani yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita. Kwetu ni usalama, lakini kiasi kidogo kuliko hicho huchoma matamvua ya samaki. Isitoshe, klorini haichagui kijidudu kibaya na kizuri. Wale bakteria wetu wafanyakazi nao huuawa.

(c) Tuko juu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kama asilimia 80 tu ya kiasi ambacho maji ya joto lilo hilo yangeshika kule Mombasa. Tangi ambalo lingetosha samaki kumi Mombasa, hapa liwekee wanane au pungufu.

(d) Usiku ni baridi. Kwenu wa Lanet, Njoro na Bahati nadhani sihitaji kuwaeleza baridi ya Julai. Maji yaliyolala nje hufanana na barafu asubuhi, na samaki hana sweta. Habari njema ni kwamba samaki wa dhahabu huvumilia maji ya baridi. Wale wa nchi za joto, kama gapi, hutaka nyuzi 24 hivi, na hao wanahitaji kifaa cha kupasha maji moto.

Na floridi je? Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na baadhi ya visima vya Bonde la Ufa huvuka kiwango hicho. Kanisa Katoliki, kupitia Dayosisi ya Nakuru, limekuwa likiyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ninaitaja hapa kwa sababu kuna wanaodhani kuchemsha au kulaza maji huondoa floridi. Sivyo. Kulaza huondoa klorini kwa sababu klorini ni gesi. Floridi ni chumvi, na ukichemsha maji yakapungua, floridi inabaki na kuzidi kukolea. Ni hadithi ile ile ya Ziwa Nakuru.

4. KUJAZA TANGI MARA YA KWANZA

Sasa tushike kazi. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, tulijaze hadi kina cha sentimita 25. Zidisha: 60 x 30 x 25 = 45,000. Kila sentimita 1,000 za ujazo ni lita moja, kwa hivyo ni lita 45. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Ukiongeza kioo na changarawe utapita uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Kwa hiyo usije ukaliweka juu ya stuli ya kuyumbayumba!

Fuata hatua hizi:

Kwanza, osha tangi kwa maji na chumvi ya kawaida, kisha suuza. Sabuni ni haramu kabisa, hata tone moja.

Pili, osha changarawe hadi maji yatoke safi. Ziweke chini ya tangi.

Tatu, chagua mahali pasipopigwa na jua la dirishani, ama utafuga mwani badala ya samaki.

Nne, weka sahani juu ya changarawe na umimine maji juu ya sahani hiyo polepole. Maji hayatachimba shimo wala kuwa tope.

Tano, maji yawe yamelala katika ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48 ili klorini itoke. Mahali ambapo klorini huchanganywa na amonia katika kutibu maji, kulaza hakutoshi. Wauzaji wa samaki huwa na dawa ya matone ya kuondoa klorini, nayo hutumika kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Sita, subira. Bakteria wetu hawanunuliwi kama mkate. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaana na kutosha. Anza na samaki wawili tu, uwalishe kidogo, na uongeze wengine baadaye. Anayenunua samaki kumi siku ya kwanza huzika saba.

Maji ya mvua yanafaa? Ndiyo, ila uache mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati. Maji ya mvua hayana klorini na yana madini machache mno. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya bomba, unapunguza ukali wa alkali. Ukishachagua mchanganyiko wako, baki nao. Samaki huzoea maji ya namna nyingi lakini hapendi kuhamishwahamishwa.

5. KUBADILISHA: ROBO KILA WIKI

Kiasi cha kubadilisha ni kama robo ya tangi kila wiki. Kwa tangi letu la lita 45 ni lita 11 na kidogo, yaani nusu ya mtungi wa lita 20 na jagi moja hivi juu yake.

Kwa nini robo? Tutumie hesabu za mfuatano. Tuseme samaki hutoa vipimo 10 vya uchafu kila wiki. Asiyebadilisha maji atakuwa na 10, 20, 30, na kadhalika, hadi 100 katika wiki ya kumi. Anayetoa robo kila wiki ataona hivi:

Wiki ya 1: uchafu 10, akitoa robo hubaki 7.5
Wiki ya 2: uchafu 17.5, hubaki 13.1
Wiki ya 3: uchafu 23.1, hubaki 17.3
Wiki ya 4: uchafu 27.3, hubaki 20.5

Endelea mwenyewe na kalamu. Wiki ya kumi utapata karibu 38, na hata ukiendelea hadi uzeeni hutavuka 40. Kila wiki kinachotolewa hukaribia kile kilichoingia, na tangi hutulia. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe haba na haba pia hukipunguza!

Namna ya kufanya ni hii. Tafuta mpira mwembamba wa mita moja na nusu. Ujaze maji bombani, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, tia ncha moja ndani ya tangi na nyingine katika ndoo iliyo chini sakafuni, kisha achilia. Maji yatashuka yenyewe. Tulisoma jambo hili katika Fizikia ya kidato cha kwanza. Usinyonye kwa mdomo kama wale wa petroli, maji hayo yana kinyesi. Pitisha ncha ya mpira juu ya changarawe ili uvute taka zilizojificha humo.

Sifongo la chujio likiwa chafu, likamue ndani ya maji hayo hayo uliyoyatoa. Ukiliosha bombani, klorini itaua bakteria wote na utakuwa umefukuza wafanyakazi wako siku moja.

Kisha rudisha maji mapya. Yawe yamelala chumba kimoja na tangi tangu jana, ili joto lilingane. Ikibidi, ongeza maji moto kidogo kidogo ndani ya ndoo (siyo ndani ya tangi!) ukipima kwa kipimajoto. Tofauti isizidi nyuzi 2. Mimina kutoka juu kidogo, yachemkechemke kama maporomoko ya Nyahururu, kwa maana yanapopiga kelele ndipo yanapobeba oksijeni.

6. MBONA TUSIBADILISHE YOTE MARA MOJA?

Hili ndilo swali la wengi, na ndilo linaloua wengi. Mtu hukaa miezi mitatu akiongeza tu. Siku ya wageni anaona tangi limekuwa kijani, anamwaga maji karibu yote, anasugua kila kitu, anajaza ya bomba. Jioni samaki wanaelea tumbo juu. Ndipo unasikia ati ni jicho baya, au ati muuzaji aliuza samaki wagonjwa.

Kilichotokea ni kemia tupu. Kazi ya bakteria hutoa asidi kidogo kidogo, kwa hiyo maji yaliyokaa sana pH yake hushuka. pH ikishuka, amonia nyingi hulala katika umbo lisilo na ukali. Sasa ukitoa nusu au robo tatu na kumimina maji yetu ya alkali, pH inaruka juu ghafla, na ile amonia iliyobaki inaamka kuwa sumu. Ongeza klorini, baridi na bakteria waliosuguliwa. Samaki gani atapona?

Tena tuna mfano mkubwa mbele ya macho yetu. Kuanzia mwaka 2010 hivi, maji ya Ziwa Nakuru yalipanda sana, yakameza lango kuu la zamani la mbuga. Maji matamu yalizimua yale ya magadi, viumbe vidogo vya spirulina ambavyo ndivyo chakula cha heroe vikapungua, na heroe wengi, hao ndege tunaowaita flamingo, wakahamia Bogoria na kwingineko. Maji mapya si lazima yawe baraka. Yakija mengi kwa ghafla hubadilisha makao ya waliomo. Heroe walikuwa na mabawa, wakaruka. Samaki wa tangini ataruka aende wapi?

Ukikuta tangi lililosahaulika, usiwe na pupa. Toa sehemu moja kwa kumi, lita 4 au 5, kila siku kwa wiki mbili. Ukishalizoesha, ingia katika utaratibu wa robo kwa wiki.

Stima ikipotea na chujio likizima, punguza chakula na umimine maji kwa kikombe, ukiyachota humo humo tangini na kuyarudisha, ili oksijeni iingie.

7. JE, TUNAPOTEZA MAJI?

Nilipokuwa nikimweleza Mama haya mambo, aliniuliza: "Sasa samaki waoge maji ya kununua kila wiki na sisi tukose ya kufulia?" Swali la haki kabisa. Katika mitaa yetu mingi maji huja kwa zamu, na siku nyingine ni ya mitungi ya mkokoteni.

Nilimjibu kwa hesabu. Robo kila wiki ni lita 11 na robo. Kwa wiki nne ni lita 45. Anayemwaga tangi lote mara moja kwa mwezi anatumia lita 45 zile zile! Tofauti ni kwamba wetu wataishi na wake watakufa, kisha atanunua wengine.

Pili, maji yanayotoka hayatupwi. Yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Ndiyo hiyo hiyo wakulima hununua dukani. Yamwagilie sukuma wiki, dania au maua. Mama sasa ndiye huniuliza Jumamosi, "Leo maji ya samaki hayajatoka?"

Lakini kamwe usiyamwage mtoni, na samaki usiowataka usiwaachilie mtoni wala ziwani. Kule Naivasha kamba wekundu kutoka Marekani waliingizwa mwaka 1970, na baadaye wakashambulia mimea ya majini ya ziwa hilo. Kitu kidogo katika ndoo chaweza kuwa kitu kikubwa katika ziwa.

8. TANGI LETU LA MAABARA

Sasa nirudi kwa lile pendekezo la kuliondoa tangi. Nasema libaki. Samaki wetu hawakufa kwa kukosa maji. Walikuwa wakiongezewa kila siku, kisha likizo inapokaribia tangi linamwagwa lote na kuoshwa kwa sabuni ili shule ifungwe pakiwa safi. Msomaji uliyefika hapa unajua tayari matokeo yake.

Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Tunalala majumbani, na wengi wetu hatuko mbali na lango la shule hata wakati wa likizo. Napendekeza kila darasa litoe wawili wa zamu. Alhamisi jioni walaze mtungi mmoja wa maji wazi maabarani. Ijumaa baada ya masomo watoe robo na kurudisha robo. Ni kazi ya dakika 20. Waandike tarehe na pH kwenye daftari, kwa vile kiashiria kimo kabatini. Likizo, waombe ruhusa kwa mwalimu wa Bayolojia waje mara moja kwa wiki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nasi tulishayavulia siku tulipowaleta viumbe hao hapa.

Kwa hayo machache, nawatakia mitihani myema na samaki wenye afya. Yafuatayo ni ya kujipima nguvu.

MSAMIATI

Matamvua: viungo vya samaki vya kupumulia, vilivyo pande mbili za kichwa.
Mwani: mimea midogo ya majini isiyo na mizizi wala maua.
Changarawe: mawe madogo madogo, makubwa kuliko mchanga.
Zimua: punguza ukali wa kitu kwa kukiongezea maji.
Magadi: chumvi ya alkali ipatikanayo katika maziwa kama Nakuru na Magadi.
Mwari: ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo.
Heroe: ndege mwenye miguu mirefu na rangi ya waridi, flamingo.

MASWALI

1. Eleza kwa nini Ziwa Naivasha lina maji matamu ingawa halina mto unaotoka juu ya ardhi.
2. Tangi lina urefu wa sentimita 80, upana 30 na kina cha maji 30. Robo yake ni lita ngapi? Ni mitungi mingapi ya lita 20?
3. Samaki wakitoa vipimo 10 vya uchafu kila wiki, nawe ukabadilisha nusu ya maji kila wiki, uchafu hautavuka kiasi gani? Onyesha hesabu.
4. Taja kitu kimoja ambacho kulaza maji huondoa na kimoja ambacho hakuondoi. Toa sababu.
5. Tunga sentensi mbili zinazoonyesha tofauti kati ya vitenzi "ongeza" na "badilisha".

Majibu yaletwe kwa mhariri kabla ya mkutano ujao wa chama. Wasalaam.